Kumbe Mama Yangu Alikuwa Mtihani

Admin, ukiiweka hii naomba jina langu libaki kwako, na hospitali usiitaje. Sitaki kumharibia mtu kabla sijajua kama nina haki ya kumharibia.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nimeishia darasa la saba, nauza parachichi na ndizi sokoni Tengeru. Nyumbani ni juu, upande wa Nkoaranga. Kwetu mimi ndiye wa mwisho, kwa hiyo nyumba ya wazazi ilibaki kwangu, na mama pia.

Baba alipofariki, mama alianza kubadilika. Alikataa chakula cha mke wangu, akidai kina sumu. Kila asubuhi alitoka na kanga mabegani, akaenda kwenye mti wa kahawa wa zamani uliopandwa na baba mkwe wake, akainama na kusema, "Shikamoo baba." Anasubiri. Halafu anatugeukia: "Ameitikia." Majirani walicheka. Mmoja aliniuliza nje ya kanisa, mbele za watu, "Vipi, kahawa yenu haijambo?" Nami nikacheka naye. Mpaka leo najilaumu.

Tulimpeleka hospitali, tukakutana na daktari binti anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Akasema atakuwa anakuja nyumbani. Sikuamini, lakini alikuja. Alipanda kinjia chetu siku ya mvua, viatu mkononi. Mama alikuwa mbele ya ule mti. Nikataka kumwondoa kwa aibu, yule binti akanizuia. Akaenda akasimama pembeni ya mama, akainama, akasema, "Shikamoo babu."

Mama akamtazama. "Sema kwa sauti, masikio yake mazito."

Akarudia kwa sauti. Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu tumzike baba.

Basi akawa "mjukuu wangu". Akikaa naye, mama anakula, na dawa anameza. Akamtengea kikombe cha bati chenye ua la bluu, na ole wako ukikinywea wewe. Kila akiondoka, daktari alinipa karatasi niweke sahihi kwamba amefika. Nilidhani ni mambo ya nauli yake.

Baada ya mara ya sita hakuja tena. Mama akaanza kutema dawa. Nikampigia.

"Kaka, ziara zangu kwenu zimetimia," akasema. "Mleteni tu kliniki."

"Daktari, anakuulizia wewe. Hata dakika tano."

"Naelewa kaka. Nitajitahidi."

Hakuja. Kliniki mama aligoma kwenda, eti mjukuu akifika asimkose. Kila siku aliosha kile kikombe, akakiweka kwenye kigoda mlangoni na kukaa nacho pale nje. "Huyu mtoto amepotea njia?" Nami nikamjibu, "Anakuja kesho, mama." Nilisema hivyo siku nyingi. Mwezi wa saba, na mnaijua baridi ya huku na ukungu wake, homa ya mapafu ikamshika. Siku nne tu wodini. Tulimzika jirani na baba, nyuma ya ule mti.

Wiki iliyopita nikasikia hodi. Ni yeye, na bahasha mkononi. Akaniuliza kwa furaha, "Bibi yuko wapi nimsalimie?" Nikamwonyesha kaburi. Alishika mdomo, akalia kweli, siwezi kumsingizia. Halafu akapangusa macho, akasema, "Pole sana kaka. Ila hii karatasi ni ya familia. Hata wewe unaweza kujaza."

Ndipo akanieleza. Zamani wanaosomea ubingwa kama yeye walikuwa wanapimwa siku moja: unapewa mgonjwa, maprofesa wanakuuliza maswali, basi. Sasa utaratibu umebadilika. Wanapimwa kazini mwaka mzima, jinsi wanavyoongea na mgonjwa, jinsi wanavyokaa na ndugu zake. Kila mmoja anafuata familia moja nyumbani, mara sita. Mwisho familia nayo inatoa maoni. Bila maoni hayo, au yakiwa mabaya, anarudia mwaka.

Aliniachia bahasha nzima. Karatasi zake ni za Kiingereza, nikampa mke wangu aliyesoma kunizidi. Akasoma kimya, kisha akanitafsiria: "Ziara ya kwanza. Kujenga uaminifu na mgonjwa. Niliusalimia mti wa kahawa pamoja naye. Alicheka." Pembeni mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu: vizuri sana.

Mke wangu akakunja karatasi. "Haya, baba watoto. Mama yako kampatia mtu vizuri sana."

Nilitoka nje. Nilijisikia kama mtu aliyeibiwa kitu ambacho hawezi kwenda kukiripoti popote. Kicheko kile nilikuwa nacho peke yangu, nilikitunza. Kumbe kina alama. Na sahihi zangu zote zile, kumbe nilikuwa namhesabia mama yangu siku za kupendwa.

Mke wangu anasema nimrudishie karatasi tupu. Dada yangu anayeishi Kikwe anasema nimsamehe, binti alikuwa anasoma tu, na kama si mtihani huo asingepanda huku kabisa, na mama angekufa hajacheka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni kweli.

Kwenye ile karatasi ya familia kuna swali moja la Kiswahili pale chini: "Je, daktari huyu alimjali mgonjwa wenu?" Kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Hakuna nafasi ya kueleza. Ijumaa anakuja kuichukua, safari hii najua atakuja. Nimeiweka chini ya kile kikombe chenye ua ili upepo usiipeperushe.

Nyie mliofiwa na mama, na nyie madaktari mnaosoma hapa, niambieni kwa upole. Kalamu ninayo. Niweke alama wapi?