Picha Iliyokanyagwa Darasani

Wanafunzi wangu wengi, walichokijua kuhusu Japani kilikuwa Probox. Kule kwao Kianjokoma gari hilo hubeba maziwa, majani chai, mbolea na hata waombolezaji, na nilipowauliza siku ya kwanza wanieleze lolote kuhusu nchi iliyoliunda, kijana mmoja alisema, "Watu wa huko ni waaminifu, Madam, spea zao hazisumbui." Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Zaidi ya hapo hawakujua.

Kipindi changu kilipangwa alasiri, saa ambazo ukungu wa mlima huwa umeshashuka hadi kwenye madirisha ya chuo pale Embu. Vijana walijikunja ndani ya majaketi yao na kulala macho wazi. Nilikuwa nimekaa ng'ambo miaka mingi nikisoma historia ya Japani, na niliporudi nilikuta hakuna aliyekuwa akiisubiri. Mkuu wa idara aliniambia bila kuzunguka kwamba wanafunzi wakizidi kupungua somo lenyewe litafutwa.

Ndipo nikaanza michezo. Nilipofundisha jinsi mabwana wa majimbo walivyolazimishwa kusafiri hadi mji mkuu na misafara yao, kisha kuwaacha wake na watoto huko kama rehani, tulibeba viti na kuzunguka jengo zima tukiimba, mpaka mama wa usafi akatufukuza na ufagio. Nilipofika kwenye amri ya kuwanyang'anya samurai panga zao, niliwataka wanafunzi wote waweke simu zao ndani ya karai mlangoni. Hawakuwa wamesikia kitu chochote cha Japani kikiwauma namna ile. Mmoja alisema mkono wake unamwasha. Nikamwambia aandike hivyo hivyo kwenye insha yake, na ikawa insha nzuri.

Masomo ya chuo ni ya Kiingereza, lakini mchezo ukianza kila mtu alihamia Kiswahili na Sheng, na wakikasirika, Kiembu. Nilifurahi kuwasikia.

Kati yao alikuwemo mwanamume mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Siakago, aliyekuwa amepewa ruhusa ya kwenda kutafuta digrii. Vijana walimwita Mzee. Alifunga shati lake hadi kifungo cha shingoni hata jua likiwaka, na alikuwa wa kwanza kuingia darasani na wa mwisho kutoka. Katika michezo hakupenda vyeo. Ukimpa ubwana aliukataa kwa upole na kuomba awe mkulima.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tumefika kwenye miaka ile Ukristo ulipopigwa marufuku Japani. Niliwaeleza kwamba kaya ziliunganishwa tano tano, na kosa la kaya moja likawa kosa la zote. Mmoja akadakia, "Kama Nyumba Kumi!" Nikawaambia kwamba maofisa walikuja kijijini na picha ya Yesu au ya Mariamu, wakailaza chini, na kila mtu akatakiwa kuikanyaga kuonyesha kwamba si Mkristo. Aliyekataa alijiponza yeye na jirani zake.

Nilikuwa nimechora picha kwa kalamu nyeusi juu ya kifuniko cha katoni: mama amempakata mtoto. Sikuwahi kujua kuchora. Uso wa mama ulitoka umepinda, na mtoto alikuwa kama furushi tu. Niliilaza sakafuni mbele ya ubao, nikawagawa wanafunzi katika makundi ya watu watano, nikachagua ofisa, kijana mrefu mwenye sauti nene aliyependa kuigiza. Sheria ilikuwa hii: mmoja akikataa, kundi lake lote linatoka kwenda kusimama koridoni kwenye baridi hadi kipindi kiishe.

Wa kwanza walikanyaga wakicheka. Msichana mmoja alijifanyia ishara ya msalaba kwanza, na wenzake wakampigia makofi. Kisha likafika kundi la Mzee. Alikwenda mpaka pale kwenye picha, akasimama.

"Kanyaga," akasema ofisa wetu.

"Siwezi," akasema Mzee. Hakuigiza. Niliisikia sauti yake, nikajua haigizi.

"Mzee, ni katoni tu," mwenzake akamnong'oneza. Mwingine akasema kwa nguvu, "Buda, kanyaga twende! Nje kuna baridi."

Katika kundi hilo alikuwemo msichana aliyekuja na mtoto wake siku hiyo, kwa sababu aliyekuwa akimlelea alikuwa ameondoka. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa shali, na alikuwa na kikohozi kile kikavu cha msimu wa baridi. Kijana mwenye sauti nene akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Basi nje! Wote! Mama na mtoto pia!"

Darasa likacheka. Kila mtu alijua sitamtoa mtoto nje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo, mtoto akakohoa, na Mzee akageuka kumtazama. Alimtazama kwa muda. Halafu akainama, akafungua kamba za kiatu chake cha kulia, akakivua, akavua na soksi, akauweka mguu mtupu juu ya picha. Aliuweka taratibu, kama anayejaribu maji ya moto.

Kicheko kilikatika. Alirudi kwenye kiti akiwa ameshika kiatu mkononi, na kipindi kilipokwisha aliondoka kabla ya wengine.

Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyoifuata. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mitihani ilikuwa inakaribia, naye ndiye aliyekuwa akisoma kuliko wote, kwa hiyo Jumamosi moja niliteremka hadi Siakago kumtafuta. Kule chini ukungu ulikuwa umeniacha, kuna vumbi jekundu na miti mifupi. Niliuliza sokoni, nikaelekezwa kwa mama aliyekuwa akipepeta ndengu mbele ya kibanda.

Alinitazama kabla sijajieleza. "Wewe ndiye yule madam wa Japani?"

Nikasema ndimi.

"Mimi ni mke wake. Twende nyumbani, yuko."

Akatangulia njiani. Mzee alikuwa ameketi chini ya ukuta wa jikoni akirekebisha mpini wa jembe. Aliponiona alisimama haraka, akafunga kifungo cha shingoni, akaniletea kiti. Nilimwambia kwamba nimekuja kumwona tu, na kwamba kama mchezo ule ulimkwaza katika imani yake, naomba tuzungumze.

"Haukunikwaza, Madam," akasema.

"Mwambie," mkewe akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai alichokuwa ameniletea, hajanipa bado. Mzee aliurudia mpini wake. Basi mkewe akasimulia mwenyewe.

Walikuwa na binti, kitinda mimba. Wakati huo wote wawili walikuwa katika kanisa moja dogo lisilokubali hospitali, lisilokubali hata tembe moja ya maumivu, kwa kuwa dawa ilihesabiwa kuwa kumkana Mungu. Mtoto akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinabonyea kila akivuta pumzi.

"Nilimwomba huyu," mama akasema. "Nilimwomba mbele ya wazee wa kanisa, nimepiga magoti. Nikamwambia mimi nitabeba dhambi hiyo, wewe nipe ruhusa tu nimpeleke. Akasema hawezi. Akasema ni jaribu, tusimame imara."

"Nilikuwa ninaamini," Mzee akasema.

"Najua uliamini. Sijasema hukuamini."

Mtoto alifariki. Walimzika nyuma ya nyumba, na baada ya muda wakaliacha lile kanisa, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuambiana. Walikuwa wameishi hivyo miaka, wakilea watoto wakubwa, wakilima. Kisha ile jioni ya mchezo wetu Mzee alifika nyumbani akamsimulia mkewe yote: picha, kundi, mtoto mgongoni, kiatu.

"Kwa nini ulimwambia?" Swali lilinitoka.

Mzee alitazama mpini mikononi mwake. "Nilidhani atafurahi. Nilidhani akijua ningekanyaga sasa, atajua mimi si yule mtu tena."

Mkewe akaniwekea kikombe mkononi. Alizungumza nami, lakini macho yalikuwa kwake. "Picha ya Wajapani ameikanyaga. Kwa mtoto wa wenyewe, ambaye hakuwa hata mgonjwa sana. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana, Madam. Miaka yote hii nilijiambia haikuwezekana, ndivyo alivyoumbwa. Hilo ndilo nililokuwa nikishikilia."

Kuku walipita kati yetu. Nilikunywa chai yote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, na nilipoaga, mama alinifungia ndengu kwenye mfuko akanisindikiza hadi barabarani. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumpa pole, akaniwahi. Akanitakia safari njema.

Mzee alirudi kufanya mtihani. Nilipofika kwenye jibu lake la swali la marufuku ya Ukristo nilikuta ameeleza vizuri sana kuhusu watawala: hofu yao kwa wageni wa ng'ambo, amri zao, jinsi walivyopanga kaya. Juu ya watu waliosimama mbele ya picha hakuandika hata sentensi moja. Nilimpa alama alizostahili. Nilikaa na karatasi ile mezani mpaka chai ikapoa.

Alihitimu. Siku ya sherehe alikuja na watoto wake wawili wakubwa, wakapiga picha kwenye nyasi, na nafasi ya mama ilijazwa na shangazi. Mwaka uliofuata wanafunzi waliojiandikisha walikuwa wachache mno, na somo likafutwa kama nilivyoonywa. Sasa nafundisha historia ya Kenya katika ukumbi mkubwa, kwa kipaza sauti, na watu ni wengi kiasi kwamba mchezo wowote hauwezekani.

Nilimwona tena mwaka jana mjini Embu, nje ya duka la vitabu. Siku hizi anafundisha sekondari. Aliniambia mkewe alihamia kwa mama yake, Karurumo, kabla hata mavuno ya mwaka ule niliowatembelea hayajaisha, na kwamba yeye humtembelea Jumapili baada ya ibada.

"Mnazungumza?" nikamuuliza.

"Tunazungumza. Ananipa chai, ananiuliza kuhusu shule, kuhusu mvua." Akavipanga upya vitabu alivyobeba. "Hanifukuzi, Madam. Lakini hajawahi kuniambia niingie ndani."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Alihamishia vitabu vyake chini ya koti visilowe, akaniaga kwa heshima ile ile ya zamani, akavuka barabara.