Futi ya Wifi Yangu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na karatasi zake zote za kukatia nguo zililiwa na mchwa. Wakati huo kwaya yetu ilikwisha kumletea kitambaa cha magauni kumi na mawili, kilichopimwa kitoshe hayo tu. Akikosea kukata, hakuna kingine.

Binti yangu akamwekea kwenye kompyuta programu ya kuchorea mishono. Akamweleza kwamba walioitengeneza wameiacha wazi, kila mtu aitumie bure na mwenye ujuzi airekebishe.

"Cha bure kina mwenyewe kweli?" wifi akauliza.

"Mwenyewe ni wewe, shangazi."

Siku ya kwanza wifi alichukua futi akapima gauni palepale kwenye skrini. Binti yangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Hapo hapapimwi, shangazi. Ngoja tuchape."

Baada ya wiki tatu za kujifunza, wakachapa mchoro wa gauni kwenye karatasi kadhaa. Wifi akaziunga kwa gundi, akatoa tena futi yake.

"Mkono umepungua sentimita mbili."

"Kompyuta haikosei, shangazi."

"Na futi yangu je, imeanza leo?"

Wakatafuta pamoja, wakakuta printa ilikuwa ikiupunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi. Wakarekebisha, wakachapa upya, na mkono ukatimia. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Wifi akashika mkasi, kisha akauweka chini kwanza.

"Kama mwenyewe ni mimi, basi waandikie wenzangu walioitengeneza programu. Waambie waweke onyo: mtu apime kabla ya kukata."

Binti yangu akaandika. Wifi akakata.