Ufa wa Mama Cherehani

Miaka sita Mama Cherehani alipanda na kushuka ngazi za ofisi ya majengo ya kale, mpaka mabawabu wakamzoea. Mwenye nyumba alitaka kuibomoa ajenge ghorofa, na yeye, mpangaji wa miaka arobaini, mumewe kapooza hajiwezi, angekwenda wapi? Hatimaye nyumba ikaandikwa urithi, ikalindwa na sheria. Mtaa mzima ukampongeza. Lakini sheria yenyewe ilijua kukataza tu. Hata ndoo moja ya chokaa haikuleta.

Kisha ukuta wa chumba alicholala mumewe ukapasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kuomba kibali. Kuuziba bila ruhusa lilikuwa kosa. Afisa wa ofisi ile, bwana mpole aliyemwita mama, akabandika kipande cha kioo juu ya ufa na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika, alieleza, ujue ukuta unasogea. Hapo nyumba itatangazwa ya hatari, watu watolewe, na mwenye nyumba aruhusiwe kubomoa.

Wiki ya tatu kioo kilivunjika. Mama Cherehani akakata kingine kutoka fremu ya picha, akakibandika, akaiga mwandiko na tarehe. Afisa akaja, akatazama, akaandika kwamba nyumba imetulia. Kikavunjika tena, akabadilisha tena. Mumewe, aliyekuwa akimtazama kutoka kitandani, alimsihi wahamie kwa binti yao. Alimjibu kwamba kwa mkwe si mahali pa kuzeekea.

Ukuta ulianguka asubuhi, yeye yuko dukani ananunua nyuzi. Mumewe walimfukua adhuhuri, keshakufa.

Afisa akasimamishwa kazi kwa uzembe. Siku ya tano baada ya maziko alikuja msibani, akaketi mbele ya mjane bila kuinua uso. Hakujitetea. Alisema tu kwamba alikikagua kioo mara zote, na kwamba huenda macho yake hayafai tena kazi hiyo.

"Mama, mzee nimemuua mimi," alisema. "Naomba unisamehe."

Binti alikuwa pale, na majirani wanasikiliza. Ukweli ulimfika Mama Cherehani kooni, akaumeza. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa macho ya mwanawe.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema.

Yule bwana akalia, akamshika mikono, akamshukuru.