Mipira ya Gari la Noella

Esansi ilipoadimika bondeni, gari la umeme la Noella ndilo lililobaki likitembea pale Luberizi. Siku mume wake Gratien alipolivusha kutoka Bujumbura watu walilicheka. Sasa walewale walimbishia hodi Noella kila mgonjwa wao alipozidiwa, naye akawapeleka hospitalini Uvira.

Mashimo ya barabara yakaimaliza mipira. Nyaya za ndani ya mipira zilipoanza kuchungulia, Noella akaenda polepole hadi Kavimvira kwa Rémy, fundi wa mipira. Rémy alikuwa na aina mbili tu. Magurudumu ya gari la jeep yangevuka mashimo bila taabu, lakini walipojaribu moja likasugua bodi kila usukani ulipokatwa. Ya taksi yaliingia vizuri, ila Rémy mwenyewe hakutaka kuyauza.

"Gari hii iko nzito, mama," alisema. "Batri yote iko chini. Mupira wa taksi utabeba, lakini siku moja utashika moto na watu wako ndani, upasuke."

Gratien alishauri wachukue mipira hiyo hiyo ya taksi, maana ugonjwa haungoji mtu. Noella akakataa. Aliwahi kuona basi dogo limepinduka karibu na Sange kwa sababu ya mpira mmoja, na vilio vile havijamtoka masikioni. Akaagiza mipira migumu Bujumbura, akaliegesha gari. Juma lile mpaka wa kwenda Bujumbura ukafungwa, mipira ikakwama ng'ambo.

Ndipo Anne, jirani yake, akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Luc, mume wa Anne, alikuja mbio. Noella akamwonyesha nyaya zilizotokeza, akamweleza yote. Luc alisikiliza mpaka mwisho.

"Gari iko hapa," akasema, "na weye uko hapa."

"Minye naogopa kuwaua wote njiani."

Luc akakodi pikipiki iliyokuwa bado na esansi kidogo, akampakia mkewe. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, na hakulia.

Mipira ilifika baada ya mazishi. Rémy akaifunga, akaisifu. Gratien hakumlaumu mkewe, na jambo hilo lilimchoma Noella kuliko ugomvi.

Noella alipokwenda kumpa pole Anne, aliketi na wanawake wengine hadi walipoondoka. Anne akauliza, "Ungefunga ile ya taksi, ingepasuka?"

"Sijui, dada."

Anne akageukia ukuta.

Watu wengine waliendelea kumwita, naye aliendelea kuitika. Lakini mama yake Luc alipougua, Luc alikodi pikipiki tena. Noella aliwakuta njiani, mzee amefungwa kitenge mgongoni mwa mwanawe, vumbi limewafunika. Akapiga honi kidogo, akasimama. Luc hakugeuka. Noella akawafuata taratibu mpaka Uvira, asiwapite.