Kisima Kilichorudisha Maji

Uani kwetu Kolwezi tulikuwa na kisima kikavu, na mtaa mzima ulijua nani aliyekikausha. Si pampu za mgodi, zilizonyonya maji ya ardhini mchana na usiku ili shimo la upande wa Mashamba likauke, watu wachimbe shaba. Hapana. Ni jirani yetu, mtu wa asili ya Kasai, aliyezaliwa mtaa uleule na baba yangu. Ati watu wake wanaoga sana.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu hizo.

Wakasai wote walipofukuzwa mkoani kwetu, warudi eti kwao, baba alimbebea jirani godoro hadi stesheni ya treni, kwa heshima zote, halafu akarudi kushangilia na wenzake. Mgodini hakubaki fundi wala vipuri. Pampu zikazima moja baada ya nyingine, na baada ya miezi michache ndoo yetu ikashuka kisimani, ikapanda imejaa. Mama wa nyumba ya pili akaja kuchota, akatangaza:

"Munaona? Njo bao balikuwa banamaliza mayi yetu."

Baba akaitikia kwa kichwa: ndio wao waliokuwa wakiyamaliza. Ushahidi gani tena alitaka?

Maji yaleyale, ambayo hayaulizi mtu kabila, yakapanda na shimoni pia, yakafunika shaba na kazi ya baba. Wachimbaji wote wakarudishwa nyumbani. Baba akawa anashinda uani, kando ya kisima chake kilichojaa. Siku moja mama alichota maji ya kusongea ugali, akayabandika motoni, akamwuliza baba kwa adabu:

"Tata, mayi inachemuka. Bunga iko wapi?"