Siku Mjomba Asidi Aliponichagulia Chaja

Suruali zote za mjomba wangu zilikuwa na matundu madogo madogo, kuanzia mapajani hadi magotini, na ndiyo maana watu walimwita Asidi. Kwa miaka thelathini na mmoja alichaji betri za boti katika chumba kimoja nyuma ya gati. Mkewe alikuwa akisema ameolewa na chujio.

Enzi hizo kila mwenye boti aliibeba betri yake begani jioni akaipeleka kwa mjomba, na asubuhi akaifuata. Chumba kilinuka asidi, mashine ya chaji ikavuma, na maneno hayakuisha. Humo ndimo nilimojua nani kaposa, nani kanuniana na nani, na injini ya nani inakunywa mafuta kama haina mwenyewe. Mjomba alisikiliza huku akipima maji ya betri moja baada ya nyingine, na tabia ya kila betri aliijua kuliko mwenye betri. "Hii yako mvivu," alimwambia mtu. "Usiifokee, ipe muda."

Kisha zikaja chaja za kufunga ndani ya boti. Unarudi gatini, unachomeka waya kwenye umeme, unakwenda zako. Wenzangu wenye boti wakaacha kubeba, mmoja mmoja, nikabaki mimi peke yangu nikijifanya napenda mizigo. Nikiacha na mimi, mjomba angefunga chumba, na mtu aliyezoea kelele za gati zima angebaki akitazamana na ukuta.

Lakini boti yangu huvusha watu, na mgongo wangu si wa chuma. Jioni moja niliona uvivu kuzibeba betri. Kesho yake injini ilizima katikati ya maji, na betri haikuwa na nguvu ya kuiwasha tena. Tulivutwa kwa kamba hadi ng'ambo, mimi na abiria saba, mmoja wao muuguzi aliyekuwa anawahi zamu. Hakunigombeza, aliangalia saa yake tu. Afadhali angenigombeza.

Nikaenda dukani kimyakimya kama mwizi. Muuzaji akaniwekea chaja tatu mezani, akaisifia ile kubwa kuliko zote. "Dada, chukua hii ya ampea arobaini. Saa chache tu, betri imejaa." Nilizikodolea macho zile namba, nisielewe kitu. Wa kuniambia ukweli alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye niliyekuwa namkimbia. Mficha uchi hazai. Nikapiga moyo konde, nikamfuata.

Nilimkuta chumbani akisugua kutu kwenye vichwa vya betri yangu, niliyompelekea baada ya kuvutwa. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, macho chini. Akaendelea kusugua.

"Kwa hiyo umeshanunua?"

"Bado, mjomba. Sijui kuchagua."

"Umeipenda ipi?"

"Ile kubwa."

Akaweka brashi chini. "Sasa wewe, miaka yote umeshinda humu hujasikia kitu? Betri zako ni za ampea mia. Ukizipa arobaini kwa mkupuo utazichemsha kama viazi." Akavua glavu, akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Twende."

Dukani alimgeuza muuzaji mwanafunzi. Alitaka yenye nyaya za betri mbili, moja ya kuwashia injini na moja ya taa na pampu, kila moja ipate ampea kumi. Akauliza kama inapunguza moto yenyewe betri ikikaribia kujaa, na kama inakubali betri za maji, maana zangu ni za maji. Akapapasa kingo za kasha kuhakikisha limezibwa. "Haba na haba hujaza kibaba, kijana," alisema, "na betri ni hivyo hivyo." Angeweza kunichagulia mbovu makusudi, na baada ya miezi miwili ningerudi kwake nimeinama. Wazo hilo lilinijia, nikaona aibu kumfikiria hivyo.

Aliifunga botini kwa mikono yake, juu, mbali na maji ya sakafuni, akaweka fyuzi karibu na kila betri. Jioni ile nilirudi nyumbani mikono mitupu, na badala ya kufurahi nililia njiani.

Siku ya nne nikaenda chumbani kwake. Mashine ilikuwa imezimwa. Aliponiona alinyanyuka haraka.

"Imeharibika?"

"Inafanya kazi vizuri, mjomba."

"Betri hazipati joto?"

"Hazipati."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe."

Aliondoa nyaya kwenye benchi, akafuta vumbi kwa kiganja, nikakaa. Tuliongea hadi adhuhuri, na hakuna hata mtu mmoja aliyeleta betri.