Aliyemfundisha kubadili mpira, leo ndiye mgonjwa wake

Saa mbili asubuhi, chumba cha kumbukumbu za wagonjwa kimeanza kupata joto. Mwanamke wa makamo, miwani imemteremka hadi ncha ya pua, anafungua jalada, anasoma mistari miwili, anasonya.

"Mpira wa mkojo umebadilishwa," anasoma kwa sauti. "Haya, umebadilishwa. Ulikuwa unapita wapi?"

Ananyanyua simu na kupiga wodini. "Yule mzee wa jana, mpira wake ni wa njia ya kawaida au wa tumboni?" Anasikiliza, kisha anacheka. "Wa tumboni. Si mngeandika basi, jamani!"

Anageukia kompyuta na kumpa mgonjwa msimbo wake, yaani herufi na tarakimu chache zinazoieleza bima ametibiwa nini. Mpira unaopita njia ya kawaida ya mkojo una msimbo wake. Ule unaoingia kwenye kitundu kilichotobolewa chini ya kitovu, moja kwa moja hadi kwenye kibofu, una mwingine. Ukichanganya, madai yanarudishwa na mgonjwa anaambiwa asubiri.

"Hapa wananiita Dada Namba," anasema. "Zamani nilikuwa Mkono Mwepesi. Jina lile nililipenda, sikufichi."

Zamani anayoisema ni ya wodi ya mkojo, alikoingia akiwa muuguzi mbichi kutoka chuoni. Anaikumbuka kama mtu anavyokumbuka nyumba aliyozaliwa: madirisha yasiyofungika vizuri, redio juu ya meza ya wauguzi, harufu ya sabuni ya kufulia. Wagonjwa walikuwa wazee waliovimba tezi dume na vijana waliovunjika uti wa mgongo. Wengi wao walirudi kila mwezi kubadilishwa mipira, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka wakawa kama ndugu.

"Kulikuwa na dereva wa lori, mfuko wake wa mkojo aliuita tangi la akiba," anasimulia, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Akiingia tu mlangoni anapaza sauti, 'Mkono Mwepesi, njoo unifanyie sevisi!' Wodi nzima hoi."

Aliyeitawala wodi hiyo ni muuguzi mkuu ambaye wote walimwita Sista Komando, ingawa si mbele yake. Viatu vyake vilisikika tangu kwenye ngazi. Mwanafunzi akishika mpira, yeye alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, bila kusema neno.

"Ule ukimya ndio uliokuwa mtihani," anasema Dada Namba. "Ukikosea, anakohoa. Kikohozi kile nilikisikia hata ndotoni."

Lakini ni Komando huyo huyo aliyembeba mgongoni mtoto wa Dada Namba siku msaidizi wake wa nyumbani alipoondoka bila kuaga. Alizunguka na mtoto wodi nzima, akitoa amri kama kawaida, ili mama yake amalize zamu.

Kisha mgongo wa Dada Namba mwenyewe ukamsaliti. Alikuwa akimdaka mgonjwa aliyeteleza kitandani, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Daktari akampiga marufuku kuinua wagonjwa, na hospitali ikamhamishia kwenye misimbo.

"Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti hiki nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Namba hazikuulizi umelalaje. Hazina utani."

Kwa miaka minane hakushika mpira. Katika miaka hiyo Komando alistaafu, akapata kiharusi, kibofu kikagoma. Akawekewa mpira wa tumboni, wa aina ile ile aliyoifundisha maisha yake yote. Dada Namba alikuwa akimtembelea nyumbani, anakoishi na mpwa wake fundi cherehani. Alimpelekea umbea wa hospitali, lakini kazi ya kubadili mpira aliwaachia wauguzi wa kliniki.

"Niliogopa kumgusa," anakiri. "Mtu aliyekuwa akikohoa nyuma yangu, leo nimlaze mimi?"

Jumapili moja mwaka jana, maji ya mvua yakiwa yamelifunika daraja la kwenda hospitali, simu ikalia. Alikuwa yule mpwa.

"Dada, mpira wa shangazi umechomoka! Nilikuwa namhamishia kwenye kiti, mfuko ukanasa kwenye tendegu. Nifanyeje?"

Alijua maana yake. Kitundu kile huanza kujifunga chenyewe muda si mrefu, na kikishafunga, mgonjwa hana pa kutolea mkojo mpaka atobolewe upya. Akampigia daktari wa kliniki. "Kama upo mpira wa akiba wa saizi ile ile, jaribu," daktari alimwambia. "Ila usilazimishe." Akajitosa kwenye mvua, viatu mkononi.

Mpira wa akiba ulikuwepo kabatini. Komando asingekosa. Alikuwa amelala chali, kitambaa safi kimefunika kitundu, macho makavu.

"Umenawa?" alimuuliza.

"Nimenawa, Sista."

"Nawa tena."

Akanawa tena, akavaa glovu, akapaka jeli. Mpira ukaingia kidogo, ukakwama. Nje mvua inamwagika, mpwa amejiziba mdomo kwa kanga, na Dada Namba anasema alikuwa karibu kuuvuta nje.

"We binti," Komando akamwambia taratibu, "usinisukume kama mlango. Ngoja nipumue."

Akavuta pumzi, akaishusha. Tumbo likalegea. Mpira ukateleza ndani.

"Mkojo unakuja?"

"Unakuja, Sista."

"Rangi?"

"Safi. Hauna damu."

"Basi ndiyo ujaze maji puto la kuushikilia ndani. Na ufute hayo machozi, yasije yakanidondokea kwenye kidonda."

Jioni ile mvua haikukatika, naye hakuondoka. Waliikumbuka wodi kitanda kwa kitanda, nani alilala wapi, nani alipona, nani hakurudi. Jengo lenyewe siku hizi ni ghala la viti vibovu. "Tuliicheka, tukaililia," anasema. "Nilikuwa sijui nina hamu nayo kiasi gani."

Tangu hapo yeye ndiye anayembadilishia Komando mpira. Mwezi uliopita aliingia ofisini kwa mganga mkuu na ombi: kila Alhamisi mchana, atoke kwenye misimbo awafundishe ndugu wa wagonjwa wenye mipira ya tumboni. Kunawa mikono kabla ya kushika chochote, kuosha pembeni ya kitundu kwa sabuni na maji kila siku, mfuko ukae chini ya kibofu, mgonjwa anywe maji. Mkojo ukikoma kutoka, mbio hospitalini.

"Kufundisha hakuna kuinua mtu kitandani," alimwambia mganga mkuu. Akakubaliwa.

Darasa la kwanza ni Alhamisi ijayo, na mwalimu mwenzake atasukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Amenipa gauni lake jeupe la uuguzi nikalipige pasi," anasema, akifunga jalada lingine. "Amekonda, litamning'inia. Lakini ameniambia, 'Binti, kola isimame.' Na itasimama."